Nikifundishia mtaani, wenzangu wataniacha nyuma kwenye madaraja ya kazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne kazini. Nafundisha Hisabati na Jiografia na Mazingira, darasa la nne. Shule yetu haiko mbali na Mto Msimbazi. Tangu chuoni nilipenda sana habari ya kufundisha watoto kwa kutumia mahali wanapoishi na watu wanaoishi nao, na nimeshajaribu mara tatu. Mwalimu mkuu anasema napoteza vipindi na Upimaji wa Taifa unakuja. Wazazi wengine wanasema nazurura na watoto wao. Darasa lenyewe lina watoto 112. Naomba uniambie ukweli: mtu anaweza kuijenga kazi yake yote juu ya jambo hili, au wenzangu watapanda madaraja na mimi nitabaki mtoni? Kama inawezekana, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Nianze na daraja, maana najua ndilo lililokushikisha kalamu. Katika orodha ya vyeo vya utumishi hakuna mwalimu wa mtoni. Umeajiriwa kama mwalimu, utalipwa kama mwalimu, na Tume ya Utumishi wa Walimu haitakuongezea hata senti kwa sababu watoto wako wanajua kwamba Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Hapo hapo, sijamwona aliyecheleweshwa kwa kosa hilo. Nimefundisha miaka 31, Temeke na Kinondoni, 9 ya mwisho nikiwa mkufunzi chuoni. Madaraja yangu yalipopanda yalipanda pamoja na ya wenzangu, na yalipokwama yalikwama ya wote. Anayeachwa ni yule asiye na karatasi za kuonyesha alichofanya, na hizo karatasi nitazifikia.

Sasa, umeniambia wazazi walisema nini na mwalimu mkuu alisema nini. Hukuniambia watoto walirudi na nini, wala walimpa nani. Usinichukie nikikisia: mlikwenda mtoni, mkaona takataka, mkarudi, watoto wakaandika insha ya umuhimu wa kutunza mazingira. Insha hizo nimezisahihisha kwa mamia, na zote huanza "Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka". Mtoto anayeishi hatua 40 kutoka ukingoni, ambaye mama yake hupandisha godoro juu ya kabati kila masika, anaandika sentensi aliyoikuta kitabuni, na mwalimu anaweka vema.

Hiyo ni ziara. Ziara inachangamsha watoto na siikatai, lakini mtu hawezi kuijengea maisha. Kazi unayoiuliza ina miguu miwili: swali litoke mtaani, na jibu lirudi mtaani kwa mtu mwenye haja nalo. Mguu wa pili ndio tunaousahau. Tunachota kwa watu, tunaandika, tunabandika ukutani darasani, na wale tuliowachotea hawaoni kitu tena.

Vyuoni siku hizi wazo hili hufundishwa na majina ya Wamarekani, na kweli John Dewey, mwanafalsafa wa elimu aliyefungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, ana haki ya kutajwa. Ila sisi tulikuwa na letu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe aliwahi kushika chaki Pugu, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akalalamika kwamba shule zinamtenga mtoto na jamii yake na kumwaminisha kuwa maarifa ya maana yote yamo vitabuni. Miaka ya 1970 huko Kwamsisi, mkoani Tanga, kukawa na shule iliyojaribu kupanga masomo kufuata shughuli za kijiji. Yaliyofuata kwingineko tunayajua tuliokuwa wanafunzi. Kujitegemea kukawa shamba la shule, shamba likawa adhabu ya wachelewaji, na mahindi yalikoishia hatukuambiwa. Jembe tulishika sana. Lakini sikumbuki hata siku moja mwalimu akituuliza kwa nini mahindi ya mstari wa karibu na mwembe ni mafupi.

Nikuonyeshe ninachokisema kwa jambo moja.

Nilikuwa na darasa la sita, upande wa Kunduchi. Wavulana wengi walikuwa watoro, na siku moja nikijaza daftari la mahudhurio niliona kitu: utoro ulikuja kwa vipindi, siku tatu nne mfululizo, ukapotea, ukarudi baada ya wiki mbili. Nikamfuata baba wa mmoja wao, mvuvi wa siku nyingi, nikamkuta anashona wavu. Nikamsomea tarehe. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, hizo siku zako za utoro ni siku za bamvua." Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana; yakipwa, mwamba hutoka nje, na watoto huwahi kuchokoa pweza. Pweza mmoja ni daftari, kalamu na chapati.

Nikaacha kuwaadhibu, tukaanza kupima. Kwenye nguzo ya gati bovu tulichora alama za rangi kila sentimita 10, na zamu nikawapa watoro wenyewe. Wiki ya kwanza namba zilikuwa vurugu. Mmoja alisoma saa kwenye simu ya dada yake, mwingine alikadiria kwa adhana, wa tatu alipika takwimu akiwa kitandani (tulimkamata kwa sababu maji yake yalijaa saa ile ile siku nne). Tukakubaliana saa moja ya kufuata. Jedwali lilipofika siku ya 16, msichana mmoja aliyekuwa hasemi darasani akasema, "Maji yanachelewa." Yanachelewaje? Akaja mbele akaonyesha kwa kidole: jana yalijaa saa 4 na dakika 10 asubuhi, leo saa 5 kamili. Tukatoa, tukajumlisha, tukagawanya. Wastani ukaja karibu dakika 50 kwa siku. Hapo ndipo nilipozungumza habari ya mwezi kuzunguka dunia, nao wakasikiliza kama watu waliokuwa wakisubiri.

Kisha tukaweka tarehe za mwezi mwandamo pembeni. Mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Alama ya juu ya bamvua kwenye nguzo yetu iliipita ya maji mafu kwa karibu mita 1. Hapa Dar siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na ndiyo maana mwamba wote unabaki wazi.

Jibu tulilirudisha wapi? Kwa mwalimu mkuu kwanza. Tulimtengenezea kalenda ya bamvua ya mwaka mzima, naye akasogeza majaribio ya kila mwezi yasiangukie siku hizo. Utoro haukwisha, lakini siku za mtihani viti vilijaa. Kwa wavuvi hatukuwa na jipya, walilijua tangu enzi za babu zao. Tulichowapa ni kiti. Mzee yule alikuja darasani mara mbili akafundisha pepo, kaskazi na kusi na matlai ya asubuhi, na mwanawe aliyekuwa mtoro namba moja akakaa dawati la mbele akiwa amenyoosha shingo.

Na nilipoharibu nikuambie pia, maana ni kwenye bonde la mto huo huo wako.

Ilikuwa shule nyingine, miaka kadhaa baadaye. Swali lilikuwa jema: kwa nini kuhara huzidi masika? Wewe unajua kinachofanyika bondeni mvua kubwa ikinyesha: watu hutapisha vyoo, maji ya mto yabebe. Watoto wakahesabu nyumba kwa nyumba, wakachora ramani nzuri sana, kila choo kinachotapishwa kikawekewa doa jekundu. Nikaipeleka kwenye mkutano wa mtaa, kifua mbele. Mwenye nyumba mmoja akaitambua nyumba yake. Akauliza nani kachora upande ule. Usiku huo mtoto alipigwa, na aliyempiga hakuwa baba yake. Asubuhi mama mtu alikuja shuleni, khanga kiunoni. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu, wewe jioni unarudi kwako Temeke. Sisi tunabaki hapa."

Ilinichukua mwaka kurudi kwenye mtaa ule nikiwa na uso. Tangu siku hiyo watoto wangu hawachori aibu ya mtu nyumba kwa nyumba. Wanahesabu kwa mfereji, kwa kichochoro, kwa eneo zima. Naanza kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kumpa mtoto kalamu. Na matokeo huonyeshwa kwanza faraghani kwa wale yanayowagusa. Kama utasahau yote niliyoandika humu, hili lishike.

Watoto 112, umesema. Usiwatoe wote. Mimi nilitoa 12 kwa zamu, hao wakawa waandishi wa wenzao. Ila kuna njia nyepesi zaidi ambayo walimu wachache huiona: watoto wako wanatoka mtaani kila asubuhi na kurudi mtaani kila mchana. Huna haja ya kuwapeleka. Unao wapimaji 112 waliotawanyika mtaa mzima, hawadai nauli wala barua ya ruhusa. Jumatatu waambie kila mmoja aulize nyumbani: ndoo ya lita 20 mnainunua shilingi ngapi, na mnachota wapi? Nilifanya hivyo siku moja. Mtoto mmoja akaja na shilingi 50, mwingine na 200, na nyumba zao zimeachana mwendo wa dakika 10. Darasa likalipuka. Kwa nini? Hapo una kupanga takwimu, wastani, grafu ya nguzo. Una bomba la mamlaka ya maji, DAWASA, kisima kirefu na mkokoteni wa madumu. Una Mto Ruvu na mitambo yake miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolisha sehemu kubwa ya jiji hili. Vyote hivyo bila mtoto kuvuka geti la shule. Kisha jedwali linarudi: nakala kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwenye ubao wa matangazo. Bei si siri ya mtu, hakuna atakayepigwa.

Ramani nayo usiichore upya kutoka hewani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi waliichora Tandale, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendeleza kazi hiyo kwenye kata nyingi za Dar zinazofurika. Kazi yao iko kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, bure. Chapisha kipande cha mtaa wenu, kibandike, mwambie kila mtoto atafute kwao. Utashangaa jinsi watakavyogombana kuhusu kilichokosekana: duka la mangi, kisima kilichozibwa, mti wa kucheza bao. Huo ugomvi ndio somo.

Haya, karatasi. Mwalimu mkuu wako si adui. Ana mtu juu yake anayemuuliza ufaulu. Mimi ningekuwa yeye, na mwalimu wa mwaka wa nne anapotea na watoto bila andalio la somo, ningesema maneno yale yale. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, na lugha hiyo iko upande wako, ila lazima uitumie. Chukua azimio la kazi, ule mpango wako wa mada za muhula, tafuta mada ambayo ungeifundisha wiki hiyo hata kama Msimbazi usingekuwepo, iandikie andalio kama kawaida, na kwenye zana za kufundishia andika "bei za maji zilizokusanywa na wanafunzi". Shajara ijazwe siku ile ile. Mthibiti ubora akiingia akute kila kitu mahali pake. Usiombe siku nzima, omba vipindi viwili mfululizo. Na maswali ya zoezi yaandike kwa mtindo wa Upimaji, kwa namba za mtaa wenu. Mwalimu mkuu akiona watoto wanajibu, atakuja mwenyewe kuuliza mmefanyaje.

Kisha lipeleke somo hilo kwenye MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni kwenu au kituo cha walimu, na liingize kwenye malengo yako ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kama kazi iliyofanyika. Nimeona walimu hodari sana wa mtaani ambao hakuna mtu nje ya geti aliyewajua, kwa sababu hawakuandika mstari mmoja. Sisemi ujitangaze, nasema uandike.

Wazazi hao wanaosema unazurura waite siku ya kutoa matokeo, si siku ya kuomba. Na usiguse michango. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, neno mchango kutoka kinywani mwa mwalimu lina moto wake. Kaa ndani ya mwendo wa miguu wa dakika 15 na hutahitaji shilingi ya mtu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini litakukuta ukihamia sekondari. Huku msingi mvuvi, fundi na mtihani wote wanasema Kiswahili. Kule fundi anasema Kiswahili na mtihani unauliza kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto anaelewa bamvua vizuri kabisa halafu anakosa swali la bamvua. Walimu wa huko hulazimika kufanya kazi mara mbili, na wengi wanachoka. Ungekuwa binti yangu ningekuambia ubaki msingi miaka kumi ya kwanza.

Na kubaki ndiko kazi yenyewe ilipo. Mtaa mmoja huujui kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza wanakuita "mwalimu", wa tatu wanakuita kwa jina la mwanao, wa tano mama ntilie anakuambia kisima kipi kina chumvi na tangu lini. Fungua daftari kubwa, lenye jalada gumu: nani anajua nini. Fundi baiskeli aliyewahi kufanya kazi reli. Bibi anayejua mto ulipita wapi kabla ya nyumba. Aliyekuwepo mafuriko ya Desemba 2011 na kuhamishiwa Mabwepande kisha akarudi. Ukihamishwa, na utahamishwa, daftari hilo mkabidhi mwalimu anayebaki. La kwangu la kwanza niliondoka nalo kwa wivu wa kijana. Liko kabatini mpaka leo na halimsaidii mtu.

Milango mingine ipo, kwa hiyo usidhani utazeekea darasa la nne kwa lazima. Chuo Kikuu Huria kinakuruhusu kusoma huku unafundisha, na DUCE pale Chang'ombe ni chuo cha walimu hasa. Taasisi ya Elimu Tanzania huhitaji walimu wa darasani inapotunga vitabu, na huko mtu mwenye mifano ya kweli huonekana haraka. Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho na hifadhi za bahari za visiwa vya akina Mbudya na Bongoyo hupokea wanafunzi kila wakati na wanahitaji watu wanaojua kuongea na mtoto. Vilabu vya wanafunzi vya mazingira pia vinafungua njia. Malihai ilianza 1980. Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi duniani, Jane Goodall aliianza hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, na wanafunzi 12. Kumbuka hiyo 12 utakapoitazama 112 yako ukakata tamaa.

La haraka ni bonde lenyewe. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi umelipa watu fidia na nyumba zimevunjwa. Nina hakika darasani kwako kuna madawati ambayo wenyewe wameshahama, na wengine wako njiani. Kabla hawajaondoka, waandike mtaa wao ulivyokuwa: nani alikaa wapi, maji yalifika dirisha gani, njia ya kwenda shuleni ilipita nyuma ya nyumba ya nani. Swali hilo halitaki ruhusa ya safari wala hela, na baada ya mwaka hakutakuwa na wa kulijibu.

Lakini Jumatatu anza na ndoo. Jedwali likikamilika nitumie, nitalisoma mstari kwa mstari. Na siku ya kulisoma mbele ya watu mkaribishe mwalimu mkuu, umpe kiti karibu na muuza maji.